Shimo la Kambare Chini ya Mti Uliozama

Kwako mwanangu Bakoro, huko Bamako,

Sisi wazima, na mbuzi kazaa mapacha. Lakini wewe nina hasira nawe! Unajua baba yako ndiye bwana wa maji, na lile shimo wanamolala kambare wakubwa hulifunga, mtu asivue humo mpaka siku ya kijiji kizima kuvua. Wewe ukawaelekeza rafiki zako wa mjini kwa simu. Wamekomba wote! Sasa watu wanamwambia, "Mzee, umeuza mto wetu!" Anajua ni wewe, ila hakutaji. Alhamisi wanamnyang'anya ubwana wa maji. Njoo useme mwenyewe mbele yao.

Kambare mkavu niliyempa dereva wa basi akuletee pamoja na barua hii ndiye wa mwisho. Umle kwanza, usisafiri na njaa.

Mamako, Nyamoye