Mkalimani wa Maungamo

Jumamosi, 2 Machi
Habari kubwa, na siwezi kuitangaza hewani! Fundi cherehani wa jirani na parokia, kiziwi tangu kuzaliwa, umri umepita sitini, atapokea Komunyo ya Kwanza Pasaka hii pamoja na watoto wa darasa la nne. Mimi ndiye ninayemtafsiria katekisimu. Lugha ya alama nilijifunza kwa marehemu kaka yangu. Sikujua itanirudisha kanisani kwa mlango huu.

Leo tulikwama kwenye "neema". Nikampa alama ya zawadi. Akakataa — zawadi huisha. Akapindua gauni la mtoto, akanionyesha upindo mnene ulioachwa ndani, nguo iongezwe mtoto akikua. Ndiyo alama yetu sasa. Darasa zima linaifanya!

Lakini kabla ya Komunyo, kitubio: lazima aungame dhambi zake kwa padri. Kusoma na kuandika hajui. Baba Paroko kasema apige kifua tu, Mungu anaelewa. Fundi kawaka! Maisha yake yote watu humjibu kwa kutikisa kichwa. Maungamo yake anataka yasikike, neno kwa neno. Basi mkalimani. Yaani mimi.

"Mkalimani naye hufungwa na siri ya maungamo," kasema Baba Paroko. "Kama mimi. Mpaka kaburini."

Fundi kanitazama juu mpaka chini. Eti mdomo wangu ni redio isiyo na swichi. Atafikiri.

Jumapili, 3 Machi
Dada kacheka mpaka kashika mbavu. "Mwandishi wa habari atunze siri? Mpe fisi bucha alinde! Na wewe mwenyewe uliungama lini mara ya mwisho?"
Nikakoroga chai. Haikuwa na sukari.

Jumatano, 6 Machi
Fundi kaniita dukani, kafunga mlango. Kaniambia, mikono chini chini: mwenyekiti wa kwaya, yule mjane, anashonesha gauni la harusi. Kwa siri. Harusi! Na dada anaimba sauti ya kwanza kwaya hiyo hiyo!

Alhamisi, 7 Machi
Kimya. Kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumapili, 10 Machi
Dada kaninusa. "We mtoto una kitu. Ukiwa na habari pua yako hucheza." Nikasingizia mafua.

Baada ya misa, uso kwa uso na mwenyekiti. Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi — habari ya chanzo kimoja si habari, lazima uthibitishe! Nikameza. Nikasifu kilemba chake.

Jumamosi, 16 Machi
Hakuna harusi! Fundi alitunga! Ingevuja, mwenyekiti angekuja kumvunjia cherehani, na fundi angejua imevujia kwangu. Mtego ule ule niliowategea maofisa wangapi! Kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nami nikacheka, ingawa nilitaka kumchapa na rula yake.

Nimefaulu. Kanikubali. Jumamosi ijayo, sakristia, saa nne.

Jumamosi, 23 Machi
Imekwisha. Baba Paroko amesikia yote, neno kwa neno. Kati ya ishara ya msalaba na ondoleo la dhambi sina la kuandika, wala sitakuwa nalo. Fundi kafuta macho kwa utepe wake wa kupimia. Alisahau kuuvua shingoni. Uso kama wa mtu aliyetuliwa gunia.

Nikafunga mkoba. Fundi akanishika mkono. Kisha alama zake, polepole, kama anamwelekeza mwanagenzi: zamu yako. Mimi sisikii. Siri yako iko salama.

"Anasemaje?" akauliza Baba Paroko.

Mkalimani habadili neno. Nikatafsiri.

Baba Paroko hakucheka. Hakuvua stola yake ya kuungamishia. Akasogeza kiti kilichokuwa cha fundi, akakielekeza kwangu.

Nimeomba dakika moja; naandika hapa hapa kwenye benchi. Naogopa kiti kimoja — mimi, niliyesoma taarifa hewani huku risasi zinalia! Fundi amekwenda kukaa mlangoni. Ametugeuzia mgongo, asione hata midomo.

Baba Paroko anasubiri. Kiti bado kina joto la fundi.

Nianzie —