Rangi ya Babu Kwenye Ukurasa wa Duka

Jumatatu, 7 Julai

Zuhura, huna haya. Tangu tumzike babu yako hujakanyaga hapa Malindi. Kwani Kilifi ni ng'ambo ya bahari? Mimi nakaa eda, siwezi kukufuata, na hilo wewe wajua. Herufi hizi umenifunza wewe, mjukuu wangu, basi nakusema humu humu daftarini hata kama hutasoma.

Nimeuona kwenye simu ule ukurasa uliolitengenezea duka letu la halwa. Mwekundu, una nakshi za dhahabu, kama kadi ya harusi. Nami nimevaa nyeupe. Nyumba ya eda haipambwi. Nimemwambia ami yako Badi aufanye mweupe.

Jumatano, 9 Julai

Jana ulikuwa mweupe. Moyo ukatua kidogo. Leo Badi kaongeza saa za kufungua Ijumaa, akaiamuru kompyuta iujenge ukurasa upya. Wekundu huo! Kapaka tena. Kajenga. Umerudi tena.

"Mama, kompyuta hii ina jini."

"Jini ni wewe. Mpigie Zuhura."

Ijumaa, 11 Julai

Umepiga. Sauti imekonda. Ukanieleza: faili anayoipaka Badi si ya kupakwa. Hupikwa na plagini, kijiprogramu ulichokipachika humo, kutoka faili nyingine, uliyoiandika wewe. Kila ukurasa ukijengwa, ya zamani hutupwa, hupikwa mpya. Hapo nikaelewa. Badi apaka halwa iliyokwisha kumiminwa, na rangi imo sufuriani.

Nikasema, basi badilisha huko sufuriani. Ukasema huwezi. Kumbe rangi ile kaichagua babu mwenyewe, mmeketi sebuleni, na humo kwenye faili umeiita kwa jina lake.

"Bibi, mkono wakataa."

Na ndiyo sababu huji. Waogopa kukikuta kiti chake kitupu.

Nimekasirika. Mimi nakipita kila siku. Nani kanionea huruma? Nimelia mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 13 Julai

Ukurasa ni mweupe. Badi kaujenga upya, umebaki mweupe. Asema rangi umegeuza, jina la babu umeliacha pale pale.

Nimeutazama. Sikufurahi. Kumbe nilikuwa nakutaka wewe.

Ukija, usipite mlango wa mbele, unaofungukia sebuleni. Zunguka uani, nitakuwa jikoni. Utakula kwanza. Sebuleni tutaingia pamoja.