Baba, mizani na risasi iliyokwama

Jumamosi jioni. Baridi ya Julai imetukalia hapa Machakos tangu asubuhi na vidole vyangu bado ni vigumu, lakini si baridi iliyonifanya niandike.

Leo nusura bunduki inipasukie usoni.

Kila Jumamosi mimi na Baba hutoka nyumbani Kalama kwenda kulenga shabaha kwenye uwanja wa klabu. Baba alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Alipostaafu alichukua leseni ya bunduki, akaanza kujaza risasi mwenyewe katika chumba cha klabu. Anapima baruti kwa mizani ndogo, anaongeza chembe, anapunguza chembe. Mimi napiga tano tano, kisha tunaangalia karatasi. Wakati mmoja matundu yote matano yalifunikwa na kizibo cha soda. Baba aliibusu ile karatasi mbele ya watu.

Leo mbili za kwanza zilikaa vizuri. Ya tatu ikaanguka kiganja kizima chini, nikalaumu bega langu. Ya nne ikatoa sauti kama kikohozi, na bunduki haikunisukuma hata kidogo.

Nikaondoa kidole, nikamwita msimamizi wa uwanja.

Tulitoa ganda, akapitisha ufito wa kusafishia ndani ya mtutu. Ukagonga kitu katikati. Risasi ilikuwa imekwama humo. Ningepiga ya tano nyuma yake, sijui kama ningekuwa hapa.

Baba alikaa kwenye benchi, kofia mikononi. Mimi nina jina la mama yake, kwa hivyo huniita Mwaitu, yaani mama yangu.

"Mwaitu," akasema, "nambari za ile mizani sizioni vizuri. Tangu Pasaka ninakisia tu."

"Na hukuniambia?"

"Ungekataa tuje."

Nilikasirika sana. Halafu aibu ikanishika, kwa sababu nilijua. Nimemwona nyumbani akimimina chai nje ya kikombe. Nilinyamaza. Nami niliogopa Jumamosi zetu zitaisha.

Tuliingia kile chumba cha klabu tukafungua risasi zote zilizobaki, moja baada ya nyingine. Mizani nilisoma mimi. Saba zilikuwa na baruti pungufu, moja ilikuwa imezidi. Kila nilipotaja nambari mbaya, Baba alifumba macho kama mtu anayepigwa kofi. Sikuweza kuvumilia. Nikamwomba anifundishe kupima.

"Anza na sifuri," akasema. "Ngoja nambari itulie. Na usiipumulie, Mwaitu, hiyo si chai."

Tulicheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni.

Tumekubaliana: Baba ataamua kiasi, mimi nitapima, na msimamizi atakagua kabla sijagusa bunduki. Hatukupiga tena leo. Tulikaa tu mle ndani, mabega yakigusana, tukipima baruti hadi saa kumi. Sidhani nimewahi kumpenda zaidi ya nilivyompenda pale.

Jumanne nampeleka kliniki ya macho. Amekubali kwa sharti moja: Mama asijue lolote kuhusu ile risasi. Nikaapa.

Lakini Mama husoma blogu hii kila Jumapili akitoka kanisani, na mimi nimechoka na kunyamaza.

Mama, sisi ni wazima. Usimgombeze sana.