Bibi Amekataa Kupasuliwa Gesi

Mpendwa mshauri, nisaidie upesi, maana nacheka hadi machozi na sina hakika kama ni kicheko. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, mtu wa kukaa kimya na mawazo yangu, na bibi yangu Evarista, aliyenilea Kilolo, Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwa hiyo hospitalini mimi ndiye mkalimani, daktari anasema, nageuza kwa Kihehe, bibi anajibu, narudisha. Juzi daktari akasema ana uvimbe tumboni, ukitolewa mapema atapona, ukichelewa utasambaa, na kabla sijafungua mdomo baba mkubwa Jailos akaniminya mkono, "Mwambie gesi, we Anjela! Unataka afe kwa presha?" nami, msomi mzima, nikasema gesi. Mshauri, ungemwona! Alipiga vigelegele pale koridoni, akamkumbatia mlinzi, akarudi nyumbani akala maharage kwa ushindi, na furaha yake ikaniambukiza hata nikasahau kwamba nimemdanganya. Jana tukamwambia atapasuliwa mwisho wa mwezi. Akatutazama mmoja mmoja. "Gesi inapasuliwa? Gesi inatoka yenyewe, Jailos, hata wewe kanisani huwa tunakusikia." Ukoo mzima tulianguka kwa kicheko, naye anafunga virago arudi kuvuna viazi! Sasa baba mkubwa anataka nimwambie anakwenda kupigwa picha tu, akishalala kwa dawa ya usingizi basi, apasuliwe. Naogopa ukweli utaizima furaha yake. Nifanyeje?

Anjela, Iringa

Anjela, nimecheka mpaka chai ikapoa. Haya, tufute machozi. Kwa habari mliyompa, bibi yako ameamua sawasawa kabisa. Habari ndiyo mbovu. Mnaogopa presha yake, au mnaogopa kumtazama akisikia? Na hiyo ya kumlaza kwa hila, thubutu! Akiamka na mshono atamwuliza nani? Wewe, kwa Kihehe. Baba mkubwa Jailos ana kazi tele: achangie damu, alete uji, alinde benchi nje ya wodi. Kumwamulia mama yake mwenye akili timamu si mojawapo.

Mrudishe kwa daktari. Kama ameshaondoka, mfuate Kilolo hata shambani. Jailos abaki nje. Daktari arudie, nawe ugeuze yote, hata neno linalokukaba. Umwombe radhi, kisha unyamaze aulize. Akikataa huku anajua, mtamheshimu. Ila useme kwa sauti ile sehemu ya kwamba atapona, binti, maana hiyo nayo mlimficha.