Ufunguo Kwenye Msumari

Salamabila

Mama yangu,

Kabla sijauliza habari za mgongo wako, nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: yaya Saidi, kaka yangu mkubwa, hakukudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya, kwa kalamu. Sasa nakusalimu. Mgongo unaendeleaje? Na yaya, pale walipomkata mguu, kidonda kimefunga?

Unajua Baba Mdogo alinichukua nisome hapa, na kwa sababu ya mwandiko wangu akanipa kaye, daftari la saa za depo yake ya mizigo. Motari akifika na mizigo juu ya pikipiki kutoka Kasongo, ananikabidhi ufunguo wa piki, nami ninautundika kwenye msumari. Sheria niliiandika mwenyewe ukutani: ufunguo hautoki kwenye msumari mpaka mtu alale muda wa saa sita. Motari waliidai baada ya mwenzao mmoja kufa njiani.

Siku aliyoumia, yaya alifika saa nne asubuhi, baada ya siku mbili za matope. Alinipa ufunguo akasema, "Mudogo wangu, leo hata mukinichoma moto siamuke."

Alikuwa bado anakula ugali Baba Mdogo alipoanza kufunga katoni za sabuni za kupeleka Kabambare juu ya piki yake.

"Baba, minasinzia," yaya alisema.

"Unasinzia kama bibi arusi? Utalala kule."

Motari wengine walicheka. Yaya naye akacheka, kwa haya.

Baba Mdogo akanigeukia. "Ufunguo ulikaa kwenye musumari?"

"Ulikaa, lakini..."

"Basi mutu amepumzika. Andika amelala saa sita."

Niliandika. Nikampa yaya ufunguo kwa mkono wangu. Alasiri walimrudisha kwenye machela. Alikuwa amesinzia kwenye daraja la miti, piki ikamwangukia.

Baba Mdogo alikuletea ile kaye huko Nyangwe, akasema mwanao alipumzika vizuri, ajali ilitokana na michezo yake tu. Nimesikia yaya alisema hakulala, nawe ukamwambia, "Huu ni mwandiko wa mdogo wako, na yeye hasemi uongo." Nimesikia pia kwamba tangu siku hiyo yaya habishani tena.

Nisalimie bibi anayekausha samaki, na shangazi aliyenifundisha kusoma. Yaya usimpe salamu zangu. Mpe ukurasa ulio ndani ya barua hii. Nimeuchana kwenye kaye, na chini yake nimeandika saa za kweli.

Leo asubuhi motari atakayekuletea barua hii alifika akiyumba. Mizigo ya kupeleka Kasongo na Nyangwe ilikuwa tayari. Baba Mdogo aliomba ufunguo, nami nikaukunja mkononi. Alinipiga kwa mpira wa kufungia mizigo mbele ya motari wote. Mmoja alisema, "Mwanafunzi, mupe tu, utaumia." Hakuna aliyeshika mkono wa Baba Mdogo. Nilikaa chini nikafunga ngumi mpaka yeye akachoka. Kisha akatupa vitabu vyangu nje, akasema nisilale tena kwake.

Motari alilala palepale, kichwa juu ya gunia. Nimekaa kando yake na vitabu vyangu, nikiandika barua hii kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umeshika ufunguo, ndiyo maana mwandiko si ule unaoujua. Ameamka sasa, ni saa kumi; amelala saa sita na zaidi. Nimempa ufunguo.

Binti yako,
Zaina