Wafalme Weusi wa Mzee Agnelo

Jumatano, 5 Novemba 2025

Mzee anatimiza miaka themanini na moja kesho, nami sina zawadi. Miezi saba namuuguza hapa kwao Al Wukair, huku Ghuba! Basi nimemsafishia sarafu zake — zile tisa za fedha, za wafalme wa Ureno, alizorithi kwa babu yake huko Goa. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Ndimu, chumvi, dawa ya meno. Sasa zinameremeta. Atafurahi huyo!

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Mzee hajui hata mwezi huu ni upi, lakini kila asubuhi baada ya chai huwashika wafalme wake na kuwaita kwa majina. Leo kafungua kisanduku, kazigeuza moja moja. Halafu — hizi si zangu. Umeniibia, umeniwekea za bandia! Nikamwambia nimezisugua tu. Wapi! Uji kausukuma, dawa kazitema. Akalia. Nami nikalia.

Mwanawe, Savio, kapiga simu kutoka Maskati, kasikia habari yote kwa Mzee. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Eti nisitoke nyumbani, anarudi kesho kutwa usiku. Nikiitwa mwizi sipati kazi tena Ghuba nzima. Mimi na kiherehere changu!

Ijumaa, 7 Novemba

Mzee hali chochote. Midomo imekauka. Naogopa.

Kanisani Mesaimeer sikwenda, na huku ibada ni Ijumaa. Nasimiyu, rafiki yangu wa kanisani, kanipigia baada ya ibada. Yeye husugua vijiko vya fedha hotelini, anajua. "Cherotich, yai huharibu silver mbaya sana. Chemsha mayai, ponda, fungia hizo coins nayo kwa mkebe. Zitarudi nyeusi, haki ya Mungu."

Jumamosi, 8 Novemba

Mayai sita. Mkebe wa biskuti. Saa tisa alasiri nimefungua — nyeusi! Nilikuwa nazifuta jikoni Savio akaingia. Ndege ya mapema. Kaona mkebe, kaona sarafu mkononi mwangu.

Mzee akaja nyuma yake, akachukua moja, akaipapasa. Akamwita mfalme wake: Luís! Akacheka, akanibusu mkono. Akamwambia mwanawe: unaona? Amezirudisha! Zile zangu zenyewe!

Nimeeleza mayai. Nimeeleza ndimu. Nikijisikiliza, hata mimi sijiamini.

Naandika chumbani, mlango wazi, ndivyo Savio alivyoamuru. Mzee anakula uji wangu, bakuli la pili, na namsikia akinitetea: usimfukuze, mwizi anayerudisha ana moyo mzuri. Savio kachukua kitambulisho changu. Anaongea Kiarabu kwenye simu, anasoma namba ya kitambulisho polepole.