Chumvi ya Banda Namba Nne

Jumatatu, 3 Juni

Hakuna hoteli ya ufukweni katika mwambao huu ambayo mimi sijalala. Hakuna! Za ghorofa, za makuti, za kisiwani — zote nazijua kwa ubavu.

Haya. Uongo. Nimelala nne tu, na zote kabla hazijatiwa milango. Godoro langu mifuko ya saruji, shuka langu karatasi ya mfuko. Mwashi hulala hotelini mpaka siku ya rangi. Rangi ikipakwa, anaambiwa apitie nyuma.

Lakini nani atanisuta? Daftari halina mdomo.

Leo daktari katuita pembeni, mimi na binti yetu. Uvimbe wa tumboni kwa bibi yangu, mama yake, umefika kwenye ini. Dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Akasema tumpeleke popote roho yake inapopenda. Binti akauliza, siku ngapi? Daktari akatazama dirisha. Daktari akitazama dirisha, ujue.

Tulidhani bibi amelala. Wapi! Tumefika nyumbani, kitu cha kwanza: "Mwashi, nipeleke nikalale kwenye lile banda lako."

Miaka thelathini na tano namtambia banda hilo. Namba nne, kule kisiwani, nimelijenga kwa mkono wangu huu, litasimama mpaka siku ya parapanda. Na yeye hajawahi kuvuka maji. Kila mwaka nilimwambia mwakani.

Jumanne, 4 Juni

Binti kaja na simu imejaa mahoteli. Yeye ni karani wa bima — huyu angeweza, angekikatia bima hata kivuli chake. Tumekaa kando ya kitanda cha mama yake, tunachagua.

Ya kwanza, kubwa, bara. Ina lifti, zahanati ng'ambo ya barabara. Bahari iko nyuma ya maegesho ya magari. Ya pili mahema, choo hatua arobaini. Bibi kacheka: "Arobaini kwenda, kurudi mtanibeba kwenye shuka?" Ya tatu ndiyo kisiwani kwangu.

Picha zote kapiga mtu aliyelala chali kwenye pembe. Chumba cha kuku kinaonekana uwanja wa mpira. Mimi nimejenga vyumba, picha haziniongopei. Nikachukua simu nikawapigia wenyewe. Ile kubwa akapokea msichana mwenye sauti ya asali.

Nikamuuliza mlango una shibiri ngapi. Akasema wa kawaida. Kitanda kinatazama wapi?

"Kinatazama televisheni, mzee."

"Na bahari?"

"Bahari ipo, mzee. Ukitoka nje."

Bibi yangu hatoki nje! Nikakata.

Kisiwani wakasema namba moja ipo, namba mbili ipo. Namba nne haikodishwi. Kwa nini? Ukarabati. Binti akaniuliza, ukarabati gani? Nikasema wa rangi tu.

Mgongo unaniwasha leo, saruji ya miaka yote imeingia chini ya ngozi. Tangu tuoane bibi ndiye anaukuna, kila jioni. Tangu maradhi yamlaze, najikuna kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe. Kaniona. Kasema: "Andika deni. Nitakukuna tukifika kisiwani." Nimeandika.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda peke yangu kukagua. Kutwa nzima. Boti inaingia maji yakijaa tu, yakipwa mkondo wote unageuka mchanga na matope.

Nimeliona banda langu. Mungu nisamehe.

Ukuta wa mbele umefura kama uso wa mlevi. Lipu inabanduka ukigusa. Juu ya dirisha nondo za chuma ziko nje, nyekundu kwa kutu, kama mbavu za mbwa. Ndani wameweka viti vibovu. Namba tano mpaka kumi hazipo, wamezibomoa, wamejenga za mbao. Namba nne ndiyo iliyobaki kati ya zile mbovu.

Basi niandike, hakuna anayesoma. Kisiwa kile hakina maji baridi, yasiyo na chumvi. Yote yanaletwa kwa madumu. Mchanga wa ufukweni lazima uoshwe kwa maji baridi ndipo uchanganywe na saruji. Namba moja, mbili, tatu, tuliosha. Ya nne, mkandarasi akaja mbio: maji ni ya kunywa, mwezi unakwisha, jengeni hivyo hivyo. Tukachota mchanga na chumvi yake, ya nne mpaka ya kumi. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa waashi. Kazi yangu ilikuwa kusema hapana. Nilisema ndiyo bwana. Chumvi haina haraka. Inakula chuma taratibu, kama mkwe mpole.

Nilitaka kufanya ujanja. Nifungue kibao cha nne nikipigilie namba mbili, nani atajua? Lakini namba mbili ina vidaraja vitatu vya kupanda, na kitanda kinatazama ukuta wa jiko. Halafu kuna bangili. Saruji ya kizingiti cha namba nne ilipokuwa mbichi, nilikandamiza bangili ya bibi niliyokuwa nimeifunga kwenye mkanda. Alama iko pale mpaka leo, duara zima. Hiyo nayo nimemsimulia mara elfu. Ataomba kuishika.

Nimeongea na meneja, mama mmoja wa makamo, funguo kiunoni kama askari jela. Nikamwambia nitalitengeneza mwenyewe, anipe namba nne siku chache.

"Na likimwangukia mgonjwa, baba?"

Nikamweleza. Paa linabebwa na nguzo za mbao, si ukuta. Cha kuogopa ni ile boriti ya juu ya dirisha, nayo nitaitegemeza kwa magogo mawili. Akauliza, wewe ndiye uliyejenga? Nikasema ndiyo. Akasema, basi ndiyo maana unajua pa kuogopa.

Kanipa madumu sita kwa siku.

Jumapili, 9 Juni

Naosha mchanga. Umri huu! Karai, maji, koroga, mwaga, tena. Naonja kwa ulimi mpaka chumvi iishe. Mpishi anapita ananiuliza, mzee, chakula hakikukutosha?

Binti kapiga simu, kafoka. Kwamba nimemwacha mama yake siku zake za mwisho nikacheze na matope. Kwamba hoteli kubwa bado ina nafasi. Sikumwambia kuhusu nondo. Angeniandikia fomu.

Akampa mama yake simu. Sauti imekuwa nyembamba kama uzi. "Mwashi, pima maji unayo?" Ninayo. "Basi kitanda changu kiwe sawa. Sitaki kuteleza."

Jumanne, 11 Juni

Nimemaliza. Lipu mpya ukuta wa dirisha tu, kwingine rangi. Magogo nimeyafunga kitambaa yaonekane mapambo. Kitanda kinatazama bahari, nimekipima pande zote nne, povu la pima maji limesimama katikati.

Kwa mbali ni zuri. Hata mimi kwa mbali nilikuwa mzuri.

Jumatano, 12 Juni

Amefika! Nahodha kamshusha kwa machela, na mabaharia wawili maji kiunoni. Bibi kanawa uso kwa maji ya bahari, katema. "Kumbe kweli ina chumvi. Nilidhani ni porojo zako."

Mlangoni akasema simama. Akateremsha mkono, akatafuta kizingiti. Akaipata alama. Kidole kikazunguka duara, kikazunguka tena. Bangili yenyewe haimkai mkononi siku hizi, inafika kiwiko.

Binti akalia kwa ajili ya wote.

Ijumaa, 14 Juni

Siku mbaya. Dawa ya saa nne imekaa nusu saa tu. Binti anatembea ufukweni simu juu akitafuta mtandao, kama anayempungia mtu.

Mchana bibi akazinduka, akili timamu. Akanyoosha mkono kwenye ukuta wa kichwani, ule niliopaka rangi tu. Akakwangua kwa ukucha. Akaweka ulimini. Nikaona, nikatamani sakafu inimeze, nayo sakafu hiyo ningeijua pa kupasukia.

"Hukuosha mchanga," akasema.

Nikaanza hadithi. Unyevu, upepo, jua. Akaniacha nimalize, kama anavyofanya siku zote.

"Mwashi. Shati zako alikuwa anafua nani? Ulipojenga mabanda matatu ya mwanzo, zilikuja na vumbi. Ya nne, zilikuja zimekauka kama samaki. Nikionja kola, chumvi. Miaka thelathini na tano najua."

"Na ukaniacha nitambe?"

"Ulitamba vizuri."

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulitaka kuja hapa, kama unajua ni bovu? Akasema ile nyumba tunayoishi ni ya kupanga, si yetu. Vyumba vya watu nilivyojenga, vyote vina wenyewe, havimruhusu. Hili ndilo pekee lenye bangili yake. Akafumba macho. Halafu akasema yale magogo yenye kitambaa yanafanana na miguu ya shangazi yangu, tukacheka mpaka akashikwa na maumivu, nikajuta.

Jumapili, 16 Juni

Binti kaondoka na maji ya mchana. Kazini hawakumwongezea siku. Atarudi Jumatano na dawa kali zaidi. Kaniambia ukiona pumzi zinakatika, mpigie nahodha hapo hapo, mvuke, zahanati ni mwendo wa saa moja na nusu. Nikasema sawa. Akanikazia macho: "Baba, sawa ya kweli au sawa yako?"

Bibi kakataa uji. Kaomba kunyweshwa maji kwa kijiko. Vijiko vitatu.

Nimemkumbusha deni la mgongo. Kasema kesho.

Jumatatu, 17 Juni

Saa mbili asubuhi. Pumzi zinakatika. Anavuta — anakaa — nahesabu — anavuta.

Nimekimbia kwa nahodha, kama huku kunaitwa kukimbia. Yuko juu ya mchanga, boti imelala ubavu kama mnyama mgonjwa. Maji yamepwa mbali, bahari yenyewe siioni. Mpaka saa tisa alasiri, baba, akasema. Hata nikiisukuma kwa meno. Akavua kofia.

Meneja kaja, kamshika mapigo, kamfuta uso. Akauliza nataka nani aitwe. Nikasema bahari. Katoka polepole, funguo kazishika zisilie.

Nimechagua mimi. Zahanati ng'ambo ya barabara ilikuwepo, lifti ilikuwepo. Nikachagua mahali maji yanapokwenda zao. Binti ataniuliza, na safari hii sina hadithi.

Kipande cha lipu kimeanguka, cha ukuta wa zamani. Kimeangukia shuka, karibu na mguu wake. Nimekiondoa. Ule ukuta mpya umekaa, hauna hata ufa. Umesikia, mama watoto? Hauna ufa. Mchanga niliuosha mara saba.

Kafumbua jicho moja, la kushoto. Kaangalia dirishani. Matope matupu na ndege wawili. Nikasema subiri, yatarudi, saa tisa si mbali. Midomo ikasogea, nadhani anacheka. Ndivyo ninavyoandika.

Saa tatu kasoro. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, daftari gotini, mgongo kwako. Shati nimevua. Mkono wako nimeuchukua nikauweka pale pale, katikati, chini kidogo ya bega la kushoto. Bangili baridi.

Ulisema kisiwani, tuko kisiwani. Ulisema kesho, kesho ndiyo hii. Mimi sidai kingine. Ukucha mmoja tu, mama watoto. Nikune kidogo.